Mama kijacho naye apigwe picha

Kwenye mlango wa chumba cha eksirei, karibu kila hospitali tunayoijua, kuna kibandiko chenye alama ya mionzi na maneno haya au yanayofanana nayo: kama una mimba, mwambie mhudumu kabla ya kupigwa picha. Maneno hayana ubaya wowote. Ubaya uko kwenye namna yanavyosomwa. Kilichoandikwa ni "mwambie mhudumu". Kinachoeleweka na mgonjwa, na mumewe, na mara nyingi na mhudumu mwenyewe, ni "usiingie".

Tuchukue usiku mmoja wa wodi ya wazazi, hospitali yoyote. Mama wa wiki 31 ameletwa saa nne usiku. Anahema kama aliyepanda ngazi mbio, na upande mmoja wa kifua unamchoma akivuta pumzi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma 91. Malaria hana, homa hana, damu inamtosha. Daktari wa zamu anajaza fomu ya CT scan ya kifua. Baada ya dakika ishirini fomu inarudi kwa mkono wa muuguzi: "Dokta, wanasema huyu ana mimba. Usaini kwamba mtoto akidhurika ni juu yako." Daktari ni kijana, ndiyo kwanza amalize mafunzo ya vitendo. Hasaini. Anaongeza oksijeni, anaandika kwenye faili kwamba bingwa atamwona asubuhi, na wifi aliyemsindikiza mgonjwa anaambiwa, "Nenda kapumzike dada, yuko kwenye mikono salama."

Hayuko salama. Mama mwenye dalili hizo anaweza kuwa na bonge la damu kwenye mapafu, na bonge halisubiri raundi ya asubuhi.

Msimamo wetu tunautoa mapema ili msomaji asiutafute. Mjamzito anayeshukiwa kuwa na damu iliyoganda mapafuni aanzishiwe dawa usiku uleule, na apigwe picha inayohitajika kama mwanamke mwingine yeyote. Ubishi wa mashine ipi ni bora zaidi kwa mjamzito ni ubishi mzuri wa madaktari kwenye mikutano yao. Kwa hospitali zetu nyingi jibu lake ni jepesi: mashine iliyopo, inayofanya kazi usiku huo, na yenye mtu wa kuisoma picha yake.

Kwa nini wajawazito? Mwili wa mama hujiandaa kwa siku ya kujifungua, asije akamwagika damu yote, hivyo damu yake huwa nyepesi kuganda miezi yote ya mimba. Tumbo likikua hukandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, damu ikawa inakwenda kwa kujikokota. Mshipa wa mguu wa kushoto ndio unaoonewa zaidi, kwa kuwa huko nyongani hupitiwa juu na ateri ya upande wa kulia. Ndiyo maana mguu unaovimba kwa bonge wakati wa mimba, mara nyingi sana ni wa kushoto. Bonge linaloota huko likikatika husafiri hadi kwenye moyo, kisha mapafuni. Kwa jumla hatari ya damu kuganda hivi kwa mjamzito ni mara nne hadi tano ya mwanamke wa umri wake asiye na mimba, na wiki za mwanzo baada ya kujifungua hupanda zaidi ya hapo.

Uingereza, ambako kila kifo cha mzazi huchunguzwa na kuandikiwa ripoti, kuganda kwa damu kumekuwa kwa miaka mingi kukiongoza miongoni mwa sababu zinazotokana na uzazi moja kwa moja. Kwetu kutokwa damu na kifafa cha mimba ndivyo vinavyotajwa mwanzo, na ni haki yake. Lakini bonge la mapafu ni ugonjwa wa kuonekana kwa picha au kwa uchunguzi wa maiti, na vyote viwili kwetu ni haba. Tanzania imepiga hatua ambayo hakuna wa kuidharau: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulihesabu vifo 104 vya wazazi katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vya utafiti wa 2015-16. Kadiri vifo vya kutokwa damu vinavyopungua, hivi vya kimyakimya ndivyo vitakavyobaki mbele yetu.

Turudi kwenye hofu ya mionzi. Haikuzuka hewani, nasi hatumcheki mwenye nayo. Miaka ya 1950, daktari Alice Stewart wa Oxford aliwahoji kina mama wa watoto waliokufa kwa saratani ya damu na saratani nyingine, akawalinganisha na mama wa watoto wazima. Mwaka 1956, na kwa kirefu zaidi 1958, alitangaza kwamba waliopigwa eksirei ya tumbo wakiwa na mimba walikuwa wengi zaidi kwa wale waliofiwa. Wakubwa wa tiba walimkatalia kwa miaka. Hatimaye walikubali, na eksirei za kupima nyonga na mkao wa mtoto zikaachwa. Bahati njema, mwaka huohuo wa 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha zao za ultrasaundi za tumbo la mama, mbadala ukawa umepatikana.

Alice Stewart alikuwa sahihi. Ila picha alizozizungumzia zilielekezwa tumboni, juu ya mtoto mwenyewe, kwa mionzi ya wakati ule. CT ya kifua huelekezwa kifuani. Kinachomfikia mtoto ni mabaki yanayotawanyika ndani ya mwili wa mama.

Mabaki hayo ni kiasi gani? Mionzi inayomfikia mtoto hupimwa kwa miligrei. Eksirei ya kawaida ya kifua humpa chini ya sehemu moja ya mia ya miligrei. CT ya mishipa ya mapafu humpa chini ya miligrei 1, mara nyingi chini sana ya hapo. Kipimo cha kamera ya nyuklia, tutakachokieleza, nacho ni chini ya miligrei 1. Sasa linganisha: ardhi, mawe ya nyumba, chakula na anga humpa mtoto kati ya nusu miligrei na miligrei 1 hivi katika miezi tisa, hata mama asipokanyaga hospitali. Na madhara yanayoogopwa mitaani, mtoto kuzaliwa na kilema au akili kudumaa, hayajaonekana chini ya miligrei 50. Kinachobaki ni nyongeza ndogo ya saratani ya utotoni, ambayo kwa picha hizi hukadiriwa kuwa isiyozidi mtoto 1 kati ya 10,000. Uingereza, mtoto 1 kati ya 500 hivi hupata saratani kabla ya kufika miaka 15 pasipo picha yoyote.

Upande wa pili wa mizani kuna nini? Mwaka 1960, madaktari Barritt na Jordan wa Bristol walichapisha jaribio dogo ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu. Wagonjwa wa bonge la mapafu waligawanywa: 16 walipewa dawa za kuzuia damu kuganda, 19 hawakupewa. Kati ya wale 19, watano walikufa kwa bonge na wengine watano walipata bonge jingine wakanusurika. Kati ya wale 16, hakuna aliyeuawa na bonge. Jaribio lilisimamishwa. Hawakuwa wajawazito, lakini bonge halibadiliki tabia kwa kuona tumbo.

Weka hesabu hizo mbili kwenye meza moja: mmoja kati ya elfu kumi, na watano kati ya kumi na tisa. Mtoto wa wiki 31 ambaye mama yake anakufa wodini naye kwa kawaida hufa. Anayemnyima mama picha "kwa ajili ya mtoto" hajamsaidia mtoto.

Hofu nayo huua, na kuna kumbukumbu yake. Mtambo wa Chernobyl ulipolipuka 1986, Ugiriki ilifikiwa na mionzi kidogo mno kuweza kudhuru mimba. Hata hivyo, katika majuma yaliyofuata wanawake walishauriwa kutoa mimba, wengine na madaktari wao, na watafiti walikadiria mwaka uliofuata kwamba mimba zipatazo 2,500 zilizokuwa zikitakiwa zilitolewa bure.

Basi ifanyweje? Jambo la kwanza halina picha ndani yake. Shaka ikiwa ya kweli na mama hatokwi damu, achomwe sindano ya heparini, hii ya kisasa ya enoksaparini ikiwepo, kabla hata fomu ya picha haijajazwa. Heparini haivuki kondo la nyuma, haimfikii mtoto. Warfarini huvuka na inaweza kumlemaza, kwa hiyo isiguswe. Na vile vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, ambavyo siku hizi hata maduka ya dawa ya mitaani yanavyo, si vya mjamzito.

Pili, mtazame miguu. Linashangaza jambo hili, lakini tumeona mafaili ambamo kifua kimeandikwa kurasa mbili na miguu haina hata mstari. Mguu mmoja ukiwa umevimba au unauma, peleka mashine ya ultrasaundi kwenye mshipa wa mguu. Bonge likionekana pale, kazi imekwisha: dawa ni ileile, kifua hakina haja ya kupigwa chochote. Ultrasaundi ni ile tunayomtazamia mtoto, haina mionzi hata chembe, na ipo mpaka kwenye vituo vingi vya afya. Kasoro yake ni kwamba bonge lililojificha juu, ndani ya nyonga, linaweza kuipita. Mguu ukionekana safi na shaka ikabaki, endelea.

Tatu, eksirei ya kifua. Haioneshi bonge, lakini huonesha nimonia, maji mapafuni, kifua kikuu, moyo uliotanuka, na haya kwetu yapo tele.

Kipimo cha damu kiitwacho D-dimer ndicho wengi hukitegemea kuwaondolea shaka, lakini kwa mjamzito kina matata, maana hupanda chenyewe kadiri mimba inavyokua. Hata hivyo hakistahili kutupwa. Mwaka 2019 utafiti uliofanyika Uholanzi, Ufaransa na Ireland kwa wajawazito 498 uliuliza maswali matatu tu: kuna dalili za bonge mguuni, mama anakohoa damu, na je, daktari anaona bonge la mapafu ndilo jibu linaloelekea zaidi? Kama yote ni hapana na D-dimer iko chini ya 1,000, au kama kuna ndiyo na D-dimer iko chini ya 500, picha haikupigwa. Wajawazito 39 katika kila 100 waliepushwa na CT kwa njia hiyo, na katika walioepushwa hakuna aliyeonekana baadaye na bonge la mapafu. Njia hii husaidia zaidi miezi mitatu ya mwanzo, na hupungukiwa nguvu mimba ikikomaa. Hospitali yenye maabara ya kutoa D-dimer kwa saa moja ina kitu cha maana mkononi. Yenye kutoa majibu kesho kutwa isijisumbue.

Sasa CT au kamera ya nyuklia? Kwenye kamera ya nyuklia mama hudungwa chembechembe zilizobeba teknetiamu, zikasambaa mapafuni, na kamera ikaonesha sehemu ambayo damu haifiki. Faida yake ni kwamba matiti ya mama hupata mionzi kidogo sana, na matiti ya mjamzito, yanayojiandaa kunyonyesha, huaminika kuwa mepesi kudhurika. CT huyapa zaidi, ingawa mashine mpya zimepunguza sana. Kwa mtoto tofauti ni ndogo isiyostahili ugomvi. Ndiyo maana miongozo ya Marekani ya 2011 ilisema mama mwenye eksirei safi aende kamera ya nyuklia kwanza, na mwenye eksirei yenye kasoro aende CT, kwa kuwa mapafu yenye ugonjwa mwingine huikanganya ile kamera.

Ushauri mzuri kwa Boston. Kwa Tabora au Garissa una mgogoro na kalenda. Teknetiamu hupungua nusu kila baada ya saa sita, haiwekwi stoo. Hutoka kwenye mtungi wa molibdenamu ambao nao hupungua nusu kwa siku tatu hivi, ukaagizwa kwa ndege tena na tena. Kamera zenyewe, Tanzania na Kenya, ni chache na ziko miji mikubwa. Nani atamsafirisha mama mwenye oksijeni 91 usiku kucha kuifuata teknetiamu, ili kuokoa sehemu ya mionzi ya matiti? Mashine za CT, kwa upande mwingine, zimesogea. Fedha za mpango wa Uviko-19 zilizifikisha kwenye hospitali za rufaa za mikoa nchini Tanzania. Mwenye kamera na teknetiamu asubuhi hiyo aitumie. Wengine wote, CT.

Tena ipigwe vizuri, maana CT mbaya hurudiwa, na kurudia ni kuongeza mionzi maradufu. Mjamzito ana damu nyingi kuliko kawaida na moyo wake unakwenda mbio, hivyo dawa ya kung'arisha mishipa huchujuka na kupita haraka. Atobolewe kanula pana kwenye mshipa wa kiwiko, ile ya kijani, dawa ipate kuingia kwa kasi. Na lipo kosa moja dogo linaloharibu picha nyingi. Mashine zimezoea kusema, "Vuta pumzi kwa nguvu, shikilia." Mjamzito akivuta kwa nguvu, damu ya tumboni isiyo na dawa hukimbilia moyoni na kuizimua ile yenye dawa, picha ikatoka kijivu. Aambiwe, "Mama, pumua kawaida, halafu tulia hapohapo." Awekewe mto chini ya nyonga ya kulia, tumbo lisilalie mshipa mkuu akazimia mezani. Lile aproni la risasi la kufunika tumbo halisaidii chochote cha maana, kwa kuwa mionzi inayomfikia mtoto hupitia ndani ya mwili.

Wapo madaktari wanaotuambia: kwa nini mhangaike, mpeni kila mwenye shaka heparini na yaishe. Tunawaelewa, wamechoka na foleni ya CT. Lakini heparini ya usiku mmoja ni kitu kimoja, na heparini ya mimba nzima ni kingine. Mwenye bonge hujichoma sindano kila siku, wengine mara mbili kwa siku, hadi ajifungue, na angalau wiki 6 baadaye. Nani analipia sindano hizo? Siku ya uchungu lazima ipangwe, vinginevyo hatachomwa ganzi ya mgongo. Mimba ijayo ataanza tena. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vimeshamkataa maisha. Na tafiti za wajawazito wanaoshukiwa zinaonesha kwamba wengi mno hawana bonge. Katika ule utafiti wa 2019 waliokutwa nalo walikuwa 4 tu kati ya 100. Kuwabebesha 96 mzigo huo kwa kuogopa picha ya dakika tano si huruma.

Tunawaomba waganga wakuu mambo machache yasiyohitaji bajeti. Ile karatasi ya "daktari asaini kwamba ni juu yake" ifutwe. Ridhaa ni ya mama, naye aelezwe kwa lugha yake, kwa namba hizi, akiwa na nafasi ya kusikiliza. Mumewe akiwepo vema, asipokuwepo mama ni mtu mzima. Sera inayosema huduma za mjamzito ni bure ifike mpaka dirisha la CT saa nane za usiku, maana huko ndiko tunakosikia bado anaulizwa risiti. Kama hakuna bingwa wa kusoma picha usiku, itumwe kwa mtandao kwa aliye macho mji mwingine. Na kwenye kadi ya mtoto iandikwe kwamba mama alipewa dawa yenye madini joto kwa ajili ya CT, ili tezi ya shingo ya mtoto ipimwe wiki ya kwanza, kwani kipimo hicho kwetu hakipimwi kwa kila kichanga.

Mama anayenyonyesha aliyepigwa CT asiambiwe akamue na kumwaga. Dawa inayopita kwenye maziwa ni kidogo mno, anyonyeshe jioni ileile.

Hili la wanaonyonyesha linatukumbusha jingine. Bonge halimwachi mama siku anapojifungua, na hasa aliyepasuliwa. Kadi ya kliniki inamtaka arudi ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Mara nyingi siku hizo mtoto hupimwa uzito, huchunguzwa kitovu, huchomwa chanjo, na mama huulizwa kama maziwa yanatoka. Mkunga akimaliza hayo, amwambie apandishe gauni kidogo, amwangalie miguu yote miwili, na amuulize kama akitembea kutoka kituo cha daladala mpaka pale alilazimika kusimama kuhema.